Mwalimu Yuko Edani

Jumapili, 6 Aprili 2025

Sikukuu imekwisha, kazi imerudi. Nimefika ofisini nikamkuta Bi Radhia amesimama dirishani kwangu, ananingoja. Mkuu wa masuala ya wanafunzi wa chuo chetu hanyanyuki bure kwenye kiti chake! Kumbe anataka historia. Historia ya timu yetu ya netiboli ya wasichana, tangu ilipoanza hadi leo — picha, vikombe, majina, mwaka kwa mwaka — ibandikwe kwenye ukuta wa ukumbi wa mazoezi. Wageni kutoka Maskati watakuja mwisho wa muhula. Nimemwambia historia yote anayo Mwalimu Mahfudha kichwani. Akasema basi nenda kaichukue.

Kumpata ni rahisi. Hatoki. Tangu mumewe alipofariki, mwezi wa Shaabani, yuko eda nyumbani kwake hapa hapa Ibra, na hatatoka hadi katikati ya Juni. Timu nimebaki nayo mimi, msaidizi wake. Na timu iko nusu fainali! Miaka kumi na tisa Mwalimu hajakosa mechi. Alikuja na homa. Alikuja na mkono umefungwa plasta. Alikuja moja kwa moja kutoka harusi ya mwanawe mkubwa, hina haijakauka vizuri. Sasa mimi ndiye ninayepiga kelele pembeni ya uwanja, na sauti yangu inakatika mapema.

Naandika Kiswahili humu kwa sababu ofisini hakuna mwingine anayekisoma. Wanangu wenyewe wanakisikia tu, kukisoma ni mtihani. Mahali pazuri pa kuweka mambo yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda. Zabibu amenifungulia mlango — yule dada wa Tanga anayemsaidia Mwalimu kazi za nyumbani. Akaninong'oneza kwamba leo amekula kidogo, alhamdulillahi. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye zulia, gauni la kijivu lisilo na hata uzi wa nakshi, macho bila wanja. Na hakuna harufu, maana mjane wa eda hajifukizi! Huyu ni mwanamke ambaye ukipita ukumbini baada yake unajua kwa udi kwamba kapita. Nyumba nzima inanuka sabuni tu. Nimeumia kuliko siku ya maziko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Jee, umekuja na habari za mpira au umekuja kulia? Maana wa kulia wamekuja wengi."

Nikamweleza habari ya ukuta. Akamwagiza Zabibu boksi la picha, na hapo ndipo tulipokwama. Picha za miaka kumi na tisa, na uso hakuna! Wasichana wote tumepigwa kwa mgongo, au mpira uko mbele ya uso, au tumekatwa shingoni. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa wengine ndivyo ilivyo hadi leo: mzazi anakubali binti acheze, hakubali picha yake itembee. Ukuta wa migongo! Bi Radhia atafurahi kweli. Lakini Mwalimu anawajua kwa migongo yao. Huyu Rumaitha, bega moja liko juu. Huyu wa Bidiya, anasimama kama anangoja basi. Huyu wewe, Asya, shungi limelegea kama kawaida yako.

Kisha akaanza kusimulia. Mwaka 2006 alikuwa anafundisha Kiingereza tu. Netiboli aliicheza shuleni Unguja, akaja huku na wazee wake akiwa wa miaka kumi na nne, akaisahau. Akaikumbuka alipoona ukumbi wa chuo umejaa viti vya mahafali na wasichana wamekaa bwenini wananenepa — maneno yake hayo. Pete za kununua hazikuwepo. Akaenda sanaiya, mtaa wa magereji na viwanda, kwa fundi wa kuchomea vyuma, akamwonyesha ukubwa kwa mikono miwili. Fundi akampa pete za kupitisha sufuria la pilau! Tukawa tunafunga kutoka popote. Tukajiona mabingwa. Tukaenda Nizwa kwenye mechi yetu ya kwanza, tukakuta pete za kweli. Ndogo! Thelathini na moja kwa mbili. Hizo mbili nilifunga mimi, nahodha, na zote kwa bahati. Wenyeji wakatupa halwa ya njiani. Tuliila kimya, basi zima, hadi nyumbani.

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akatazama mlango, kana kwamba kuna mtu wa kumshtaki. Nikajifanya sijaona.

Wakati wa kuaga akauliza: "Jee, jibu langu halijaja?" Anatimiza sitini mwaka huu. Ameomba aongezewe miaka miwili, awafikishe wasichana hawa mwisho. Kila mtu anasema wataongeza, ni kawaida. Nikamwambia bado. Na kweli bado.

Jumatano, 9 Aprili

Mazoezi. Joto limeanza, kiyoyozi cha ukumbini kinatoa mlio tu. Nimewasikiliza wasichana kwa masikio mapya. Ibtihal, nahodha, ni binti wa mji wa Samad Ash Shan. Kwao hakuna aliyewahi kukanyaga Afrika. Lakini uwanjani — "Nyuma! Kulia! Usilale!" Kiswahili cha Unguja kabisa! Hajui kusema "umeamkaje", anajua "usilale". Mwalimu ndiye aliyeanzisha, ili wapinzani wasielewe tunapanga nini, na kila nahodha amemrithisha mwenzake.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeshinda! Thelathini na nane kwa thelathini na tano, hapa nyumbani, dhidi ya Nizwa wale wale. Simu yangu niliiacha wazi kwenye benchi ili Mwalimu asikie. Fainali ni Sur, Jumamosi ya tarehe 3 Mei.

Lakini tumefanya jambo la aibu. Mkesha wa kila mechi Mwalimu alikuwa akivifukiza udi vizibao vyetu, vile vyenye herufi kifuani. Chetezo chini, vizibao juu, usiku kucha. Timu nyingine zilitutania: jamani, maharusi wamekuja! Jana Ibtihal kavifukiza mwenyewe kwao, asivunje desturi. Leo baada ya mechi wote wanataka kwenda kwa Mwalimu. Tukaenda. Na kwa furaha ile hakuna aliyewaza — tukaingia navyo mwilini! Mimi mbele yao, mtu mzima na akili zangu. Harufu ilitutangulia. Mwalimu akanyanyuka akarudi nyuma hadi ukutani, mtandio puani.

"Tokeni, tokeni wanangu, mie sina ruhusa!"

Ibtihal akalia kama mtoto. Zabibu akavikusanya vyote akavipeleka uani, madirisha yakafunguliwa. Baadaye Mwalimu akamwita Ibtihal akae karibu yake, akamuuliza kwa Kiarabu ni udi gani ule, maana sandali imezidi. Msichana akacheka huku kamasi zinamtoka. Kisha Mwalimu akapanga vikombe vya kahawa kwenye sinia na kuwaonyesha walipolala robo ya tatu. Mechi ambayo hakuiona! Kasikia viatu tu na kipenga. Shurooq, mfungaji wetu, kaondoka anajisemesha peke yake: kikombe hiki ni mimi, kikombe hiki ni mimi.

Jumanne, 15 Aprili

Bi Radhia ameniita. Amefunga mlango, amenikaribisha tende. Nikajua kuna jambo.

Uongozi umekaa. Mwalimu hataongezewa. Sitini ni sitini kwa wote, mwisho wake ni mwisho wa Aprili. Wanamshukuru sana. Na kuanzia tarehe mosi Mei kocha wa timu ni mimi. Wewe ni mtoto wa timu hii, kasema, hakuna anayefaa zaidi, mabruk, hongera.

Nilisema asante. Nilitabasamu! Kuna kitu ndani yangu kiliruka kwa furaha kabla sijakikamata. Miaka mingi nimebeba mipira na chupa za maji nyuma ya Mwalimu. Nilikuwa naitaka timu. Sikujua kwamba naitaka kiasi hiki. Halafu nikakaa garini bila kuwasha injini, na nikajiona mchafu.

Akaongeza: asiambiwe sasa. Yuko eda. Akitoka, Juni, tutamfanyia hafla, keki, zawadi, tumwambie vizuri. Nikakubali. Nimeona ni ubinadamu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempigia Mama, Nizwa. Mama hakuniacha nimalize. "Usimwambie! Mwenye msiba haongezewi msiba. Sisi babu yako alipofia Bujumbura tulifichwa mwezi mzima mpaka mitihani ikapita, na hatukufa." Kweli. Kwetu habari mbaya inapikwa kwanza. Hata mimi, Bibi alipolazwa, niliambiwa ana mafua.

Marzouq yeye kasema mwambie leo. Nikamjibu mume wangu, wewe hujui mambo ya wanawake. Akainua mabega akarudi kwenye taarifa ya habari.

Jumamosi, 19 Aprili

Historia, sehemu ya pili. Nimeandika mpaka kidole kimeota sugu. Mwalimu leo alikuwa mchangamfu, au alijitahidi.

Fainali ya 2011, Sur. Ya kwanza kwetu kufika. Tunaongoza, na tunaitana kwa Kiswahili kama kawaida yetu — mpe kushoto, mzunguke, rudi. Kila tunachosema, wale wasichana wa Sur wanakifikia kabla yetu! Tukadhani ni uchawi. Robo ya mwisho senta wao akamgeukia Rumaitha na kumwambia taratibu: "Dada, sema basi pole pole, nyanya yangu hakunifundisha kwa mbio hivyo." Sur! Mji ambao nusu ya bibi zake walizaliwa Unguja na Pemba! Hatukuwaza! Tulifungwa kwa bao moja. "Ujinga ule ulikuwa wa kwetu sote," Mwalimu kasema, "lakini mie nilikuwa mkubwa wenu." Tangu siku ile, tukicheza na Sur, amri zinatolewa kwa vidole.

Kikombe cha kwanza 2014. Cha pili 2018, na nahodha wa mwaka ule akiwa na mtoto wa miezi sita, anamnyonyesha wakati wa mapumziko. Mwaka wa korona kila msichana alirusha mpira kwenye ukuta wa kwao, Mwalimu akihesabu kwenye simu. Huko Al Qabil baba mmoja akalalamika ukuta wake wa udongo unabomoka. Baba wa Shurooq huyo! Ndipo tulipomjua binti. Mpira aliokuwa anaurusha ni wa dada yake, na yeye alikuwa bado shule.

Nimemtazama Mwalimu akisimulia. Hasemi "timu". Anasema "sisi".

Mlangoni: "Jibu langu?"

"Bado, Mwalimu."

Huu sasa ni uongo. Umetoka laini kabisa.

Jumanne, 22 Aprili

Amenipigia mwenyewe. Sauti ya kijana! Amemtuma Maen, mwanawe mdogo, kwa sheikh wa msikiti wao kuuliza kama anaweza kwenda Sur siku ya fainali. Jibu limekuja: mwenye eda haruhusiwi kutoka kwa matembezi wala kwa furaha. Lakini kama ni kazi yake, na hakuna wa kumshikia nafasi, atoke mchana kwa kadiri ya haja, na usiku alale nyumbani kwake. Mwalimu ni mtu wa kuchunga mipaka ya dini. Hataki kujipa ruhusa mwenyewe. Akaniuliza:

"Asya, nikuulize na unijibu kwa haki. Yupo wa kusimama mahala pangu?"

Nikasema, "Hayupo, Mwalimu."

Nilisema kwa mapenzi. Na kwa adabu — nimwambie nini, kwamba mimi nipo? Mtu gani mwenye haya anajisema hivyo mbele ya mwalimu wake? Neno lilitoka lenyewe, kama linavyotoka ukiulizwa umeshiba na sahani bado imejaa. Nilipokata simu ndipo nilipoelewa nimejibu swali gani.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijalala vizuri. Nimekwenda kwa Bi Radhia. Nimeomba mambo yangu yasogezwe hadi Juni. Haiwezekani, yamekwisha. Tena kuna jipya: naibu mkuu wa chuo, mwanamke mwenzetu, anakuja Sur, na amependa anitangaze pale pale wakati wa kutoa kikombe, kwa kuwa makocha wote watakuwepo. Nikamwambia tulisema Juni! Akasema Juni ni kwa Mwalimu. Mwalimu yuko ndani, nani atampelekea habari?

Nikasema huenda akaja.

"Yuko eda," kasema Bi Radhia. "Atakujaje?"

Nikaaga. Ningemjibu, ningelazimika kueleza yote.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nilikwenda kusema. Kweli nilikwenda kusema! Nilijifunza maneno njiani, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, yapi yanauma kidogo.

Nimekuta viatu vingi mlangoni. Ndani, wanawake wa ukoo wa marehemu. Sebule ya pili, mlango wazi na pazia limeshushwa, Saud, shemeji yake, anaongea kwa sauti ya kutaka kusikika. Kwamba watu watasema nini. Kwamba kaburi la kaka yake halijakauka na mjane anakwenda kutazama wasichana wanaruka. Mwalimu alikuwa amenyooka kama anavyonyooka kwenye benchi tukiwa nyuma kwa mabao.

"Saud, ndugu yangu, mie si mtembezi. Ile ni kazi yangu, na sheikh kasema. Na huyu hapa Asya, mwenyewe kasema hakuna wa kushika mahala pangu. Asya, hebu waambie."

Wote wakanigeukia. 

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini kumwambia vile, mbele ya wifi zake, kwamba kazi imekwisha na aliyeichukua ni mimi — nani angefanya? Nikasema ndiyo. Ni kweli, hakuna mwingine. Niliitikia kwa kichwa pia, isionekane nasita.

Saud akasema basi, wallahi, kama ni haja ni haja. Akaondoka. Mwalimu akanibana mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, nikajua alikuwa akiogopa muda wote.

Sasa si uongo wangu na Mwalimu tena. Nimemshuhudilia mbele ya watu. Akitoka nje, anatoka kwa ulimi wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeanza kujitafutia mlango. Labda mpaka mechi iishe timu ni yake, mwaka wa mashindano haujafungwa. Labda haja ni haja hata bila cheo. Wasichana wanamhitaji, hilo ni kweli tupu! Nimetaka kumuuliza mtu ajuaye dini. Lakini swali langu lote ningeliuliza vipi bila kujieleza?

Marzouq: "Umeshamwambia?" Nikaendelea kukunja nguo. Akasema, "Asya, yule mama hakuulizi kama unampenda."

Nimemnunia hadi usiku. Kwa sababu amesema kweli.

Alhamisi, 1 Mei

Leo mimi ni kocha. Hakuna aliyenipongeza kwa kuwa hakuna anayejua.

Ukuta umekamilika. Unapendeza, migongo na yote. Bi Radhia kasimama mbele yake muda mrefu, akauliza huyu mwenye shungi limelegea ni nani. Nikasema simkumbuki.

Ijumaa, 2 Mei

Sur. Tumesafiri baada ya sala. Al Qabil tumemchukua Shurooq kwao. Baba yake, mwenye ule ukuta, akaja mwenyewe na boksi la tende, akazungumza na dereva kuhusu matairi, akatazama kila mahali isipokuwa ndani ya basi. Kabla hatujaondoka akapiga bodi kwa kiganja, akasema kwa sauti: "Mshinde!" Basi zima likalipuka.

Wasichana wameimba njia nzima. Wanajua Mwalimu anakuja. Ibtihal ameniambia kesho hawezi kukosea, kwa sababu Mwalimu amevunja mlango kwa ajili yao. Ndivyo alivyosema. Nikatazama nje, mchanga na ngamia.

Baada ya Isha nimempigia. Nimeazimia. Akapokea Maen, anayeniita Khalati, mama mdogo: Mama kashalala, Khalati, tunatoka mara tu baada ya Alfajiri ili tuwahi kurudi. Nimuamshe? Nikasema hapana. Muache apumzike.

Hapana! Tena hapana! Nimejitukana hadi nimechoka.

Jumamosi, 3 Mei

Nimo ndani ya basi, nje ya ukumbi. Nimesema nakuja kuchukua boksi la maji. Boksi liko miguuni pangu. Naandikia gotini, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Amekuja. Alifika sisi tukiwa ndiyo kwanza tunanyoosha misuli. Maen kabaki kwenye gari, kivulini. Mwalimu kaingia na lile gauni la kijivu ndani ya baibui la kawaida, uso mweupe kwa kukosa jua, amekonda. Wasichana walipiga kelele mpaka wale wa Sur wakaacha mazoezi yao wakaja kumpa mkono, mmoja mmoja, na kumpa pole ya mumewe. Kocha wao kamwamkia shikamoo. Yeye kaitikia wote. Kisha akavua viatu vya nje akavaa raba zake, akanipokonya kipenga shingoni, kwa utani, kama zamani.

"Leo kaa, Asya. Umechoka, mwanangu. Mie nipo."

Nikakaa! Ndiyo nilichofanya. Nikakaa kwenye benchi.

Naibu mkuu yuko safu ya mbele, na shada la maua pembeni yake. Bi Radhia alipomwona Mwalimu kageuka kunitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Akaja akaninong'oneza kwa Kiarabu: anajua? Nikasema hajui. Akauliza amepataje ruhusa ya kutoka. Nikamwambia. Akaweka mkono mdomoni. Akasema maua hayawezi kurudi, jina langu limeshapelekwa kwa mtangazaji, kabla ya kipenga cha kwanza atasoma makocha wa pande zote mbili. Si mwisho wa mechi. Kabla ya mechi. Wamebadilisha.

Basi zimebaki dakika chache.

Nikimwambia sasa, najua atakachofanya. Hatagomba. Atavua raba, atavaa viatu vyake, atarudi Ibra mchana huu huu, kwa sababu hana tena haja ya kuwa hapa, na yeye hajipi ruhusa. Wasichana watamwona akitoka. Nisipomwambia, atasikia jina langu kwenye spika, amesimama pale na kipenga mkononi, mbele ya Sur nzima, na atajua kwamba siku ile mbele ya Saud nilijua. Na kwamba ametoka eda bure. Dhambi ikiwepo, ni ya nani? Yangu. Lakini yeye hataiona hivyo. Atafunga tena, atasali tena, ataomba msamaha kwa kosa nililomvisha mimi.

Nilidhani namhifadhi. Mama alidhani, Radhia alidhani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anataka kuhifadhiwa.

Mlango wa ukumbi umefunguka. Ni yeye. Anakuja peke yake, juani, haraka haraka, mkono juu ya macho. Anatafuta basi letu. Ameniona. Anacheka, ananionyesha kifundo cha mkono kisicho na saa.

Anagonga kioo. Anauliza mbona nachelewa, wasichana wanangoja maji.